Wimbo Umeimbwa: Je, Wasikilizaji Wamesikia Nini?

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya nyimbo. Hakuna kikundi kisicho na nyimbo. Mgeni akija tunaimba, na hata tukichimba mtaro wa bomba la maji tunaimba ili mikono isichoke. Tena tunapeleka mafundisho kwa wimbo: afya, kilimo, uchaguzi. Ni njia nzuri, kwa maana hata asiyejua kusoma anaweza kubeba wimbo mpaka nyumbani. Lakini swali letu ni hili: amebeba maneno gani?

Tuanze na jambo lililotokea. Mwaka wa 1987 mwanamuziki Franco, wa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, alitoa wimbo unaoitwa "Attention na SIDA". SIDA ni jina la Kifaransa la UKIMWI. Aliimba kwa Kifaransa na Kilingala akiwaonya watu juu ya ugonjwa huo. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alikuwa ametambuliwa mwaka wa 1984, na muziki wa Kongo ulipendwa sana kwetu. Lakini ni wangapi waliojua Kifaransa au Kilingala? Sikio lililozoea Kiswahili, likisikia "sida", laweza kuokota "shida" upesi, na shida nani hana? Mtu aliweza kuucheza wimbo huo mpaka asubuhi bila kujua kwamba ameonywa. Serikali yetu ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, miaka 12 baadaye. Hatusemi kwamba wimbo mmoja ungezuia ugonjwa. Tunasema onyo lisiloeleweka halimfikii mtu.

Sasa mtatuambia, "Hiyo ni lugha ya wenyewe. Sisi tunaimba Kiswahili." Haya, tuangalie Kiswahili chenyewe.

Kwanza, silabi moja. "Mtoto apewe maji" na "mtoto asipewe maji" zinatofautiana kwa "si" peke yake. Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6, bila hata maji. Sasa hiyo "si" ikiangukia pale ngoma inapopigwa kwa nguvu, mama aliyekaa nyuma atasikia "apewe". Atakwenda nyumbani ampe mtoto maji, tena kwa furaha, kwa kuwa anaamini amefundishwa hivyo.

Pili, namba. Mtoto akiharisha, na pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji ikikosekana, tunatumia lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko hivyo visiwe na kilima juu. Wimbo ukiweka "sita" na "nusu" karibu karibu, mtu anaweza kuzibadilisha. Chumvi ikizidi ni hatari, inaweza hata kumwua mtoto.

Tatu, herufi l na r. Lugha zetu za nyumbani hazizitenganishi zote. Mtu hastahili kuchekwa kwa hilo. Ndivyo ulimi wake ulivyolelewa. Lakini wimbo wa "tusiuze kura" ukisikika "tusiuze kula", mwenye kibanda cha chai atadhani ni yeye anayesemwa!

Nne, uzito wa sauti. Tukizungumza, "barabara" ya magari na "barabara" ya kufanya kitu sawasawa tunazitenganisha kwa mahali tunapokaza sauti. Katika wimbo, anayekaza ni muziki. Mkiimba "tutengeneze barabara", mmoja atachukua jembe, mwingine atadhani anaambiwa tu afanye kazi vizuri.

Na kosa likishaingia, halitoki kwa urahisi. Anayekosea anaimba pamoja na wenzake 40, sauti yake imefunikwa, na hakuna wa kumsahihisha.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza haya:

1. Jambo kubwa lisitegemee "si". Badala ya "asipewe maji", imbeni "maziwa ya mama pekee, miezi sita". Hata neno moja likipotea, maana inabaki.

2. Kila namba ipewe mstari wake na irudiwe. Mwimbaji ashike kijiko, chupa na sukari ili jicho lisaidie sikio.

3. Kabla ya kuupeleka wimbo barazani, mwiteni mtu ambaye hajausikia. Akae nyuma, asikilize mara moja tu. Msimwulize, "Umeelewa?" Kwa heshima atasema ndiyo. Mwulizeni, "Ukifika nyumbani utafanya nini?" Jibu lake ndilo wimbo wenu.

4. Akieleza tofauti, msimcheke wala msimlaumu. Ni wimbo unaotengenezwa, si mtu. Badilisheni neno au mpunguze ngoma, kisha mwite mwingine.

5. Mkimaliza kuimba, mmoja asimame aseme maneno yale polepole, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Ni dakika 2 tu.

Wengine watasema, "Hayo yote yataharibu utamu wa wimbo." Jamani, utamu ni wa lazima, bila huo hakuna atakayesikiliza. Lakini mama hatamponya mtoto kwa utamu. Atatumia yale maneno aliyoyashika.

Tunawaachia kazi. Kila kikundi kichague wimbo mmoja wa mafundisho mnaoupenda sana, mwite majirani 3 wasiokuwa wanachama, na mwandike kila mmoja alivyousikia. Mje na majibu hayo mkutano ujao, hata kama yatatuchekesha.