Mafigo Yetu: Maneno kwa Wanachama, Kaloleni



Msidhani ugonjwa wa mafigo ni mmoja. Kuna mawe, yaumayo sana; kuna vijidudu, vinavyofanya mkojo uchome; tena kuna aliyezaliwa na figo moja, naye huweza kuishi vyema. Bali ulio hatari zaidi hauumi: kisukari na presha ya damu huharibu mafigo polepole, miaka mingi, nawe waenda kiwandani kila siku. Hata vidonge vya maumivu tununuavyo Jogoo Road, vikimezwa kila siku, huyadhuru.

Usingoje miguu ivimbe. Kapime presha, sukari na mkojo. Aliyefikia mashine ya kusafisha damu huiendea mara mbili au tatu kwa juma. Kazi gani itamngoja? Tukidai mshahara, na tudai pia ruhusa ya kupimwa.