Kalamu ya Risasi Kopo la Kahawa

Wapo wanaokusanya stempu, wapo wa sarafu. Mzee mmoja wa Matema, wilayani Kyela, hukusanya kalamu za risasi. Alinifungulia kopo la kahawa: vipande vitatu, vya darasa la watu wazima la miaka ya 1970. "Hiki ndicho kilichoandika jina langu mara ya kwanza," alisema.

Risasi yenyewe haimo. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichanganya grafaiti na udongo wa mfinyanzi, akauchoma mchanganyiko huo. Kina mama Wakisi wa Ikombe, jirani na Matema, nao huchoma udongo wakapata vyungu. Ila chungu hupikiwa kikabaki; penseli kila ikichongwa hupungua.

Kipande cha nne kilikwisha. Mjukuu alikichonga akifanyia hesabu za shule. Mzee hakumkaripia. Mtoto alikosa nini, naye hakuambiwa?

Basi, mwenye kopo kama hilo alifunike vizuri, maana mvua za Kyela si mchezo. Atie na karatasi: kalamu ya nani, mwaka gani. Bila hadithi yake, hicho ni kipande cha penseli tu.