Moyo wa Mwenye Duka



Mwaka 1959 jarida la tiba la Lancet, linalotoka London, lilichapisha makala ya watafiti wawili waliofanya kazi Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones. Walieleza kuwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ule unaomwangusha mtu ghafla ameshika kifua, karibu haukuwepo miongoni mwa Waafrika wa Uganda, ilhali kwa Wahindi wa nchi hiyohiyo ulikuwa tatizo kubwa. Miaka 3 kabla yake, daktari Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago na mwenzake walikuwa wameandika habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi hayo. Mgonjwa mmoja tu, akatosha kuwa makala!

Tangu hapo watu wakashika neno: huo ni ugonjwa wa Wahindi. Mpaka leo utalisikia hapa Arua, na Koboko utalisikia zaidi, likisemwa na mtu mwenye kitambi na presha asiyoijua. Nusu ya neno hilo nitaikubali. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta hapa.

Kwanza ile ya kukubali. Agosti 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko hapa, aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka ya Arua yakabaki na funguo mikononi mwa wengine. Wengi wa waliofukuzwa walifika Uingereza, Leicester hasa, wakaanza upya viwandani na madukani. Nchi ikabadilika, hewa ikabadilika, kazi ikabadilika, lakini Waasia Kusini wa Uingereza waliendelea kufa kwa moyo zaidi kuliko majirani zao Wazungu. Mwaka 1991 Paul McKeigue na wenzake walionyesha, kwa kuwapima watu wa London, mahali pa kutazama: tumbo. Mhindi mwenye miguu myembamba na uzito wa kawaida kwenye mizani anaweza kubeba mafuta mengi ndani ya tumbo, yakizunguka ini. Hapo insulini hushindwa kufanya kazi yake vizuri, sukari hupanda, mafuta ya damu huharibika, na ukuta wa mshipa unaoulisha moyo huanza kujaa taratibu. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze uwiano wa uzito na urefu ukifika 23, bila kungoja 25.

Mwaka huohuo ulitoka utafiti wa INTERHEART, ulioongozwa na Salim Yusuf katika nchi 52. Walipotenga takwimu za Asia Kusini, matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kuwa mshtuko wa kwanza wa moyo huwapata watu wa huko kwa wastani wakiwa na miaka 53, wengine wakiwa karibu na 59. Miaka 6 si kitu kidogo; mtoto wa darasa la kwanza anafika darasa la saba. Lakini mambo yaliyohusishwa na mshtuko huo yalikuwa yaleyale 9 ya dunia nzima: tumbaku, mafuta ya damu, presha, kisukari, kitambi, msongo, pombe, kutokula matunda na mboga, kutotembea. Na yalipowekwa yote kwenye hesabu, ile tofauti ya kuugua ujanani ikatoweka karibu yote. Damu ya Kihindi, kwa maoni yangu, huharakisha tu jambo ambalo maisha yamelianzisha.

Maisha gani? Mfikirieni mwenye duka wa Arua wa miaka ya 1950. Anafungua asubuhi, anakaa nyuma ya kaunta hadi jioni. Fundi cherehani barazani anatikisa miguu kuliko yeye. Chapati ina samli, chai ina maziwa na sukari, na daftari la madeni linamkosesha usingizi. Mteja wake ametembea kutoka Terego au Maracha, na kwao kuna enyasa, ule ugali wa muhogo na mtama, maharagwe, majani ya kunde na simsim. Trowell, na baadaye daktari mwenzake Denis Burkitt, walimsifu sana mkulima huyo kwa makapi ya nafaka yake. Naona walizidisha, kana kwamba makapi peke yake ndiyo yaliyomlinda, wakaisahau miguu. Hata hivyo Burkitt alijua kuuliza vizuri. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari pamoja na Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, hapa jirani, na Cliff Nelson, wakiuliza hospitali kwa hospitali kwa nini uvimbe fulani wa watoto uko hapa na kule hauko. Swali hilohilo ndilo la kuuliza kuhusu moyo.

Sasa nusu ya pili, nisiyoikubali: ukiuliza leo, utamkuta mwenye duka ni sisi. Mtu wa Koboko anakaa juu ya magunia akingoja wateja wa Sudan Kusini na Kongo. Bodaboda inampeleka mahali ambapo baba yake angekwenda kwa baiskeli. Chapati inakaangwa kila kona, mafuta yaleyale tangu alfajiri. Sigara nayo, sisi wa West Nile tulilima tumbaku miaka mingi, hatuwezi kujifanya wageni wake. Uchunguzi wa taifa wa 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha, na kati yao waliojua hawakufika hata 1 kwa kila 10.

(Sisemi habari ya moyo wa watoto unaoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Huo ni ugonjwa mwingine, na bado unatuua.)

Kampala, kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, ni karibu kilomita 500, na msuli wa moyo uliozibiwa damu huanza kufa kabla ya saa moja kwisha. Kwa hiyo kinga kwetu ndiyo tiba. Mwombeni fundi cherehani utepe wake, mpime tumbo usawa wa kitovu. Kwa Mhindi, mwanamume ajihadhari kuanzia sentimita 90, mwanamke 80, na sukari ipimwe mapema, hasa kama mzazi anayo. Kwa Mwafrika, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2005 lilituazima vipimo vya Wazungu, 94 na 80, kwa kuwa takwimu zetu hazikutosha. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Mafuta yapimwe kwa kijiko, si kwa kumimina. Tambuu yenye tumbaku ni tumbaku. Na dawa ya presha haiachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma.

Wauguzi wamekaa karibu na mlango na mashine za presha. Kaeni dakika 5 kimya kabla ya kufungwa kile kitambaa mkononi, maana presha ya mtu aliyetoka kubishana nami haisomeki sawasawa.