Pombe Iliyogeuka Damu: Hegel, Ashanti na Kazi ya Uhakiki

Mwaka 1817 Mwingereza Thomas Edward Bowdich alifika Kumasi, makao ya mfalme wa Ashanti, dola ya Afrika Magharibi. Miaka miwili baadaye kitabu chake kilichapishwa London. Humo anaeleza jinsi mfalme alivyoagiza mifupa ya mama yake na dada zake itolewe majenezani, ikaoshwa kwa heshima kubwa kwa pombe kali ya miwa na maji, ikapanguswa kwa hariri na kuviringishwa katika vumbi la dhahabu.

Kisa hicho kikafika Berlin, katika mihadhara ya mwanafalsafa Mjerumani Georg Wilhelm Friedrich Hegel kuhusu falsafa ya historia. Huko mifupa inaoshwa kwa damu ya watu.

Aliyeionyesha tofauti hiyo ni mwanafalsafa Robert Bernasconi, katika makala aliyoitoa mwaka 1998. Hakupiga kelele kwamba Hegel alikuwa mbaguzi. Hilo lilikwishasemwa na wengi, na mara nyingi liliishia hapo. Alichofanya ni kuvirudia vitabu vya wasafiri na wamisionari ambavyo Hegel alivitegemea, akavisoma sambamba na mihadhara, sentensi kwa sentensi. Bowdich mwenyewe si malaika: anasimulia pia kwamba watu waliuawa katika shughuli hiyo, na makaburi yakamwagiwa damu yao. Lakini Hegel hakuridhika na alichokikuta. Alikoleza, na kila alipokoleza chumvi iliangukia upande uleule wa ukatili. Ikumbukwe kwamba mtu huyu hakuwahi kutia mguu Afrika. Alichokuwa nacho ni maktaba, na hata maktaba hiyo hakuitendea haki.

Watetezi wake wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Kitabu kinachosomwa vyuoni si kazi ya mkono wa Hegel. Mihadhara ile aliitoa mara tano, kuanzia majira ya baridi ya 1822 hadi 1831, mwaka aliofariki. Mfuasi wake Eduard Gans aliiunganisha kutokana na madaftari ya wanafunzi na karatasi za mwalimu, akaichapisha mwaka 1837. Mwaka 1840 Karl, mwana wa Hegel, akatoa toleo jingine lililopanuliwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: chumvi ni ya nani, mwalimu au waandishi?

Swali ni zuri, ila halimwokoi. Mwaka 1996 madaftari ya mhula wa kwanza kabisa, wa 1822/23, yalichapishwa peke yake, bila kuchanganywa na ya miaka mingine. Afrika imo, na hukumu ni ileile: bara lililo nje ya historia.

Kuna pia haraka ya upande wa pili. Baadhi ya wahakiki huruka kutoka darasa la Hegel moja kwa moja hadi mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yalijadili kugawana Afrika, kana kwamba Bismarck, chansela wa Ujerumani, aliifungua ramani ya Afrika akiwa na mihadhara hiyo mfukoni. Wafanyabiashara na mabalozi walikuwa na sababu zao, na nyingi hazikuhitaji falsafa. Falsafa ilikuja kuwa na manufaa baadaye, pale uporaji ulipotafutiwa jina zuri.

Palipo pagumu zaidi kwa mhakiki wa Hegel ni Haiti. Mwaka 2000 mwanafalsafa Mmarekani Susan Buck-Morss alidai kwamba mjadala maarufu wa bwana na mtumwa, katika kitabu cha Hegel cha 1807, hauwezi kutenganishwa na mapinduzi ya watumwa wa kisiwa hicho. Jarida la Minerva, ambalo Hegel alilisoma, lilikuwa likiyaripoti mapinduzi hayo. Hoja yake imepingwa, kwa kuwa Hegel hakuitaja Haiti katika kurasa hizo, na ushahidi wa mazingira una mipaka yake.

Lakini mahali pengine aliitaja. Katika nyongeza za mihadhara yake kuhusu falsafa ya roho, anakiri kwamba watu weusi wameunda dola huko kwa misingi ya Kikristo. Katika mihadhara ya historia anasema utumwa ni dhuluma, kisha anaongeza kwamba ni bora uondolewe polepole. Mhula wa kwanza wa mihadhara hiyo ulipoanza, Haiti ilikuwa huru kwa zaidi ya miaka 18.