Virusi Vilevile, Hatima Tofauti

Homa ya ini aina ya B haiwatendei watu wote sawa. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda virusi; wanaobaki navyo maishani hawafiki 5 kati ya 100. Na mtoto aliyevipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa? Takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo, maana kinga yake ingali changa, haijamtambua adui. Anakua, anasoma, anacheza, wala haumwi popote. Miongo kadhaa baadaye ini huweza kusinyaa, au kupata saratani. Hapo jinsia nayo huingia: wanaume hupata saratani ya ini mara mbili hadi tatu kuliko wanawake, na si pombe na sigara pekee, homoni nazo huchangia.

Linaloniuma ni hili: Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza ya chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, ilhali nchi nyingi za Afrika bado huanza wiki ya 6. Mama mjamzito, ukienda kliniki, omba kipimo cha homa ya ini aina ya B pamoja na kile cha Ukimwi.