Nadharia Imara Hukubali Kupimwa

(Mazungumzo na kikundi cha wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya neno "nadharia". Neno hili lisitutishe. Nadharia ni maelezo ya kwa nini jambo fulani linatokea. Mtu akisema, "Malaria inaletwa na kunyeshewa mvua," hiyo ni nadharia. Mwingine akisema inaletwa na mbu, hiyo nayo ni nadharia.

Je, ipi ina nguvu? Jambo hili si la mchezo. Mzazi anayeamini mvua atamfunika mtoto nguo nzito, na chandarua kitabaki kimekunjwa sandukuni.

Zamani watu wa Italia waliamini kuwa malaria inatokana na hewa ya mabwawa. Hata jina "malaria" kwa Kiitaliano maana yake ni hewa mbaya. Watu hao hawakuwa wajinga. Waliona kweli kwamba wakaao karibu na mabwawa wanaugua. Lakini mabwawani kuna hewa, na mbu wamo pia. Kipi kinaleta homa?

Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Hata hivyo wengi hawakusadiki.

Basi mwaka 1900 daktari Patrick Manson wa London alipanga jaribio. Nyumba ya mbao iliwekwa karibu na Ostia, Italia, penye malaria nyingi. Milango na madirisha yalitiwa wavu wa waya. Hewa ilipita, mbu hawakupita. Madaktari Louis Sambon na George Low, pamoja na mchoraji Amedeo Terzi, walikaa humo miezi ya homa. Mchana walitembea nje. Jua likikaribia kutua, waliingia ndani. Hawakumeza kwinini. Majirani waliugua, wao hawakuugua.

Manson alipima na upande wa pili. Mbu waliofyonza damu ya wagonjwa Italia walipelekwa London, wakamwuma mwanawe kwa hiari yake. Kijana hakukanyaga mabwawani, lakini aliugua malaria. Akatibiwa kwa kwinini.

Mmeona, ndugu zangu? Nadharia haipati nguvu kwa sababu msemaji ana sauti kubwa au mvi nyingi. Inapata nguvu kwa sababu inatangulia kusema nini kitatokea, inapimwa, na wengine wakirudia wanaona yale yale.

Tena tazameni watu wenyewe. Sambon na Low walijua tiba. Terzi alijua kuchora. Kila mmoja alikuwa na lake, na wote waliingia nyumba moja.

Kijijini kwetu ni vivyo hivyo. Fundi cherehani azibe matundu ya vyandarua. Mwenye nguvu za jembe afukie madimbwi. Mama mwenye kipaji cha kusimulia awaeleze majirani. Na wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, shika daftari. Andika kila juma nani amelala ndani ya chandarua, na nani amepimwa akakutwa na malaria. Mwisho wa masika someni pamoja, muone wenyewe.

Lakini mtoto akipata homa asingojee daftari. Apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe.

Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Usiseme, "Mimi sina ninachokijua." Unacho. Kitoe kifanye kazi.