Mashavu Yakibonyea, Tusikimbilie Dukani

(Maneno tuliyoyasema sisi wahudumu wa afya wa kujitolea mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kangemi na Kawangware, pamoja na wageni wetu kutoka vijiji vya upande wa Kikuyu.)

 

Leo tunazungumza juu ya uso unaobonyea mtu anapozeeka. Tunajua wengine watacheka na kusema hayo ni mambo ya matajiri wa Lavington na Kileleshwa. Ngojeni kwanza tuwasimulie kilichotokea katika kikundi chetu wenyewe.

Tulikuwa na mweka hazina, mama wa Kawangware mwenye miaka 58. Jina lake hatulitaji, ila yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme. Mashavu yake yaliingia ndani, panja zikabonyea, midomo ikakunjamana. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ameshikwa na "ule ugonjwa". Na tuseme ukweli: sisi pia tulinong'ona. Mmoja wetu hata alianza kukwepa kikombe chake cha chai.

Mama akasikia. Akapanda matatu ya namba 46 mpaka mjini, na huko akauziwa vidonge vya kunenepa vilivyofungwa katika karatasi ya nailoni bila jina. Baada ya wiki chache uso ulijaa, ukawa duara kama mwezi. Nasi tukamsifu: "Mama, umerudi ujanani!" Hapo tulifanya kosa la pili.

Baada ya miezi kadhaa miguu ikamlegea, hata kuinuka kwenye kiti ikawa taabu. Halafu pesa za vidonge zikaisha, akaacha kumeza ghafla. Siku ya tatu alikutwa amelala sakafuni, anatapika, hana nguvu hata ya kusema. Tulimkimbiza hospitali. Asante Mungu yuko hai, na leo ameketi hapa katikati yetu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa basi, ugonjwa wake ulikuwa nini hasa? Tutawaambia. Lakini kwanza tuelewe uso wenyewe.

KWA NINI USO HUBONYEA?

Fikirieni nyumba ya udongo. Ina nguzo, ina udongo uliokandikwa, na juu yake ina lipu. Uso wa mtu ni hivyo hivyo. Nguzo ni mifupa. Udongo ni mafuta yaliyo chini ya ngozi. Lipu ni ngozi yenyewe. Mtu akizeeka, vyote vitatu huguswa.

Kwanza lipu. Ngozi hushikwa imara na nyuzi zinazoitwa kolajeni. Baada ya ujana nyuzi hizi hupungua kidogo kidogo, takribani asilimia 1 kila mwaka. Kwa akina mama, hedhi ikikoma hupungua kwa kasi zaidi, hata karibu asilimia 30 katika miaka 5 ya kwanza. Jua kali na sigara huongeza uharibifu. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa dhidi ya jua, ndiyo maana wengi wetu hatupati makunyanzi mapema. Lakini kinga hiyo haizuii mafuta na mifupa kupungua huko chini.

Pili udongo. Zamani watu walidhani mafuta ya uso ni tabaka moja tu. Mwaka 2007 madaktari wawili wa Texas, Marekani, Rod Rohrich na Joel Pessa, walieleza kwamba mafuta hayo yamegawanyika katika vifuko mbalimbali. Walitia rangi katika nyuso za maiti zilizotolewa kwa ajili ya masomo, wakaona rangi inaishia kwenye mipaka ya kila kifuko. Kwa hiyo mtu akizeeka, kifuko kimoja chaweza kupungua na kingine kikashuka. Ndipo shavu linabonyea juu, na nyama inaning'inia chini karibu na taya.

Tatu nguzo. Mifupa ya uso nayo hupungua. Tundu la jicho hupanuka, taya la juu hurudi nyuma. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kuliwa na mwili, kwa sababu hauna kazi tena. Mtu aliyepoteza meno mengi hupoteza na mfupa, kisha midomo na mashavu hukosa cha kuegemea, yakaingia ndani.

Mmeanza kuuona ugonjwa wa yule mama? Daktari alimpima virusi vya UKIMWI, hakuwa navyo. Alimpima kifua kikuu, hakuwa nacho. Alipomwambia afungue kinywa, akaona magego karibu yote hayapo. Kwa miaka 4 mama huyu alikuwa akiishi kwa chai na uji, kwa kuwa githeri ilimshinda. Uzee, meno na njaa ya kimyakimya. Basi! Na sisi tulikuwa tukila naye kila mwezi, hatukuona kwamba sahani yake inarudi imejaa.

KUZEEKA SI UGONJWA, KUKONDA GHAFLA NI HABARI

Uso wa uzee hubonyea polepole, kwa miaka. Wanaokuona kila siku hawatambui. Lakini uso ukibonyea kwa wiki au miezi michache, mwili unatuma habari, na habari hiyo ipelekwe kwa daktari. Yaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, saratani, virusi vya UKIMWI, au huzuni kubwa inayomnyima mtu hamu ya kula.

Kipimo ni rahisi. Mtu akipoteza asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, aende akapimwe. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3 tu. Na kama ana kikohozi kisichoisha, homa au jasho jingi usiku, asingoje hata kilo moja. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, na kwa wengi matibabu huchukua miezi 6.

Na hii tabia ya kusoma UKIMWI usoni mwa mtu imetoka wapi? Wengine wenu mnakumbuka. Katika miaka ya 2000, dawa nyingi za virusi zilizotumika Kenya zilikuwa na stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini iliharibu chembe za mafuta, na mtu aliyeitumia muda mrefu aliweza kupoteza mashavu, panja na makalio huku akiwa mzima wa kufanya kazi. Kila mtu barabarani alimsoma. Wengine waliacha dawa kwa aibu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache stavudini, na mwaka 2017 Kenya ikaanza kutumia dolutegraviri. Anayeanza dawa leo hapati mashavu yale. Kwa hiyo uso haukuambii nani ana virusi na nani hana. Damu ikipimwa ndiyo inayosema.

MATIBABU: YAPI YA KWELI, YAPI YA HATARI?

Vidonge vya kunenepa. Vile alivyomeza mama yetu vilikuwa vya aina mbili. Kimoja ni deksamethasoni, dawa nzuri sana daktari anapoiandika kwa ugonjwa unaohitaji. Kingine ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta usingizi na hamu ya kula. Deksamethasoni hukusanya mafuta na maji usoni. Huko si kunona kwa afya. Ikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha sukari na presha, kudhoofisha misuli na mifupa, na kufanya tezi zilizo juu ya figo zilale. Ukiacha ghafla tezi hizo zimelala, mwili hauna pa kushika. Ndiyo sababu mama alianguka. Tafadhali, kama kuna mtu hapa anayevimeza, asiviache leo jioni kwa sababu ya maneno yetu. Aende kwa daktari, apunguziwe polepole. Wala hatutamcheka.

Krimu. Ukipita River Road utaona krimu za kila namna. Krimu ya kulainisha ngozi ni sawa. Lakini mafuta yaliyopotea yako chini ya ngozi, na hakuna krimu ya dukani inayoyarudisha. Zile za kujichubua zenye dawa za jamii ya deksamethasoni huifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi. Ni kukwangua lipu ya nyumba ambayo udongo umeshaanguka.

Sindano za kujaza. Katika kliniki za Westlands, Kilimani na Hurlingham kuna madaktari wanaojaza mashavu kwa jeli ya asidi ya hialuroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe hutengeneza. Hii si uchawi wala si dhambi. Marekani iliruhusu sindano ya aina nyingine mwaka 2004 hasa kwa watu ambao virusi na dawa zake viliwaharibu mashavu. Lakini jueni mambo matatu. Moja, haidumu: miezi 6 hadi 18, kisha unalipa tena, na bei yake yaweza kumaliza akiba ya kikundi kizima. Mbili, jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu, nyama inaweza kufa, na mtu anaweza kupofuka. Jeli hii ina dawa ya kuiyeyusha, lakini ni lazima mdungaji awe nayo mkononi na ajue kuitumia upesi. Tatu, silikoni ya maji haiyeyushwi kamwe. Usikubali kudungwa katika saluni wala chumba cha kupanga.

Kabla ya mtu yeyote kukugusa na sindano, uliza jina lake kamili na uliangalie katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Ofisi zake ziko Barabara ya Woodlands, karibu na Lenana, na orodha ya wenye leseni iko wazi katika intaneti. Kijana yeyote mwenye simu atakusaidia. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini. Usione haya kuuliza.

Meno ya bandia. Hii ndiyo iliyomsaidia mama yetu. Alipelekwa katika hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek. Ile 46 aliyopanda kufuata vidonge hupita huko huko. Meno ya bandia yaliegemeza midomo na mashavu, na zaidi ya hayo yalimrudishia githeri. Hakurudi kuwa wa miaka 30. Amekuwa mtu wa miaka 60 anayekula akashiba, nasi tunaona huo ndio uso mzuri.

MAMBO YA KUFANYA KIKUNDINI

1. Nunueni mizani moja. Kila mwezi kabla ya mchango, kila mtu apimwe, aandike mwenyewe katika daftari lake. Uzito wa mtu ni siri yake.

2. Tazameni sahani za wazee. Asiyeweza kutafuna apondewe maharagwe au ndengu, apewe yai, maziwa, omena iliyosagwa. Uji mtupu hautoshi.

3. Fungueni mfuko mdogo wa meno. Kung'oa ni rahisi na kuziba ni bora. Nendeni jino likiwa bado laweza kuzibwa.

4. Mkimwona mwenzenu amebadilika, msinong'one. Mmoja aliye karibu naye amwendee nyumbani, amuulize, "Mama, unakula vizuri? Unalala vizuri? Twende pamoja ukapimwe?" Neno "pamoja" lina nguvu kuliko dawa nyingi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Ni nani katika kikundi chetu aliyeacha kuja, na je, tunajua kwa nini? Ni vyakula gani tunavyopika siku ya mkutano ambavyo mtu asiye na meno hawezi kula? Ni nani kati yetu anayejua mahali vidonge vya kunenepa vinapouzwa, na tutawaonyaje jirani zetu?

Wapendwa, siku ile mama aliporudi kikundini alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mlinisifu nilipokuwa nakufa, na mlinikimbia nilipokuwa mzima." Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo kikombe chake ndicho tunachokijaza kwanza.  Sasa ni zamu yenu kusema.